Ziara ya Kipimo cha Msafiri: Simu ya Mkononi na Stesheni ya Gulwe



Tangu tarehe 25 Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Safari ambayo kwa reli ya zamani ilikula usiku mzima, na mara nyingine zaidi, sasa inaisha kwa saa chache. Kabla ya kufika Dodoma treni inapita Gulwe, wilayani Mpwapwa. Abiria wengi wanaochungulia dirishani wakati huo wana simu janja mikononi. Abiria akiiuliza simu yake, "Hapa ni wapi?", itamjibu: Gulwe. Akiuliza swali la pili, "Hapa kuna nini?", simu haina mengi ya kumwambia.

Makala hii inaeleza jinsi simu inavyoweza kumpangia kila msafiri ziara inayomfaa yeye mwenyewe, na hesabu zinazofanyika ndani yake. Pia inaeleza kwa nini sehemu kubwa ya kazi hiyo inabaki mikononi mwa watu wa mahali, wakiwemo mafrateri walio likizo, makatekista, vijana wa VIWAWA na wazee wa jumuiya zetu ndogo ndogo.

Nguo ya dukani na nguo ya kupimwa

Ziara ya kawaida inafanana na nguo iliyoshonwa tayari. Wote mnapewa ileile: mwongozaji mmoja, njia moja, muda uleule kila kituo. Mpenda historia anawasubiri wanaopiga picha, mwenye magoti mabovu anaachwa nyuma, na mtoto anachoka kabla ya wote.

Ziara ya kipimo inaanza kama fundi cherehani anavyoanza, yaani kwa kuchukua vipimo. Unapenda nini? Una saa ngapi? Unaweza kutembea kwa miguu, au unahitaji bajaji? Umebeba fedha kiasi gani? Unaelewa lugha ipi? Ni mara yako ya kwanza kufika, au wewe ni mzaliwa wa hapa unayerudi baada ya miaka mingi? Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayoamua kitambaa kikatwe wapi.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa, ikapumzika na kujaza maji, kisha ikaingia nyika kavu iliyoitwa Marenga Makali kabla ya kufika Ugogo. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, mtu anayeijua njia. Juni 1878 msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika uliondoka Bagamoyo kwa njia hiyo ya katikati, na Februari 1879 Padre Simeon Lourdel na Bruda Amans wakafika Uganda. Wageni wale walitegemea viongozi wa njia na watu wa vijiji walivyopita. Simu janja ni kirangozi wa namna nyingine, na upungufu wake ni uleule: kisima ambacho wenyeji hawakumwonyesha, hakijui.

Simu inajuaje?

Wazo lenyewe lina umri wa kutosha. Katikati ya miaka ya 1990 watafiti wa Georgia Tech nchini Marekani walitengeneza kiongozi cha kidijitali walichokiita Cyberguide. Mwishoni mwa miaka hiyo, mjini Lancaster, Uingereza, mradi wa GUIDE uliwapa wageni kishikwambi cha kubeba mkononi kilichowapangia matembezi ya mji kulingana na mapendeleo yao na saa za kufunguliwa kwa majengo. Leo kazi hiyo inafanywa na simu ya mfukoni. Hatua zake ni nne.

Hatua ya kwanza ni kujua mahali. Simu inapokea ishara za redio kutoka setilaiti zisizopungua 4, inapima muda ambao ishara zimetumia kufika, na kwa hesabu hiyo inajua ilipo. Kwenye uwanda ulio wazi kama wa Dodoma kosa lake huwa la mita chache tu. Wengi hawajui kwamba kupokea ishara hizo hakuhitaji bando. Kinachohitaji intaneti ni ramani na maelezo, na hivyo vinaweza kupakuliwa mapema ukiwa mjini.

Hatua ya pili ni kuchukua vipimo vya msafiri. Kuna njia mbili. Njia ya wazi ni kumuuliza maswali machache mwanzoni. Njia ya kimyakimya ni kumwangalia: amesoma habari gani hadi mwisho, ameruka ipi, amesimama wapi kwa muda mrefu. Njia ya pili haimsumbui msafiri, lakini ina hatari zake, na tutazieleza mbele.

Hatua ya tatu ni kupanga. Kila kituo kinapewa alama kulingana na mapendeleo ya msafiri, kisha programu inatafuta mchanganyiko wa vituo wenye alama nyingi kuliko yote bila kuzidi muda alionao. Inasikika rahisi, lakini vituo 10 tu vinaweza kupangwa kwa kufuatana kwa namna 3,628,800. Ongeza vichache na kompyuta yenyewe inaelemewa. Wanahisabati wamelipa tatizo hili jina linalotokana na mchezo wa kukimbia porini kwa ramani na dira, ambamo mshindani hukusanya alama nyingi awezavyo kabla saa haijagonga. Kwa sababu hiyo programu nyingi hazijaribu kila njia. Zinaanza na mpango wa kuridhisha, zinabadilisha kituo hiki na kile, na zinaacha pale ambapo mabadiliko hayaongezi tena faida.

Hatua ya nne ni kupanga upya. Mvua ikinyesha, treni ikichelewa au msafiri akikaa zaidi kwenye kituo kimoja, mpango wa asubuhi haufai tena. Programu nzuri inahesabu upya vituo vilivyobaki na kumweleza msafiri kilichobadilika na sababu yake.

Mfano: saa sita Gulwe

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye namba nyepesi, ili hesabu ionekane. Msafiri anashuka Gulwe asubuhi na ana saa 6, yaani dakika 360. Vituo vinavyowezekana ni sita:

- Stesheni na historia ya reli: dakika 40.
- Mto Kinyasungwe na habari za mafuriko: dakika 50.
- Mji wa Mpwapwa na njia ya misafara: dakika 120.
- Muziki wa Kigogo, zeze na ilimba: dakika 90.
- Chakula cha mchana, ugali wa uwele kwa mlenda: dakika 60.
- Sala na mazungumzo na wanajumuiya: dakika 60.

Jumla ni dakika 420 kabla ya kuhesabu mwendo. Lazima kitu kiachwe, na swali ni kipi.

Msafiri wa kwanza ni mwalimu wa historia. Anatoa alama 5 kwa stesheni, 5 kwa Mpwapwa, 4 kwa mto, 3 kwa chakula, 2 kwa muziki na 2 kwa sala. Akichukua stesheni, mto, Mpwapwa na chakula, anatumia dakika 270. Weka dakika 90 za usafiri wa kwenda Mpwapwa na kurudi, zinatimia 360 kamili, na alama zake ni 17. Akiiacha Mpwapwa na kuchukua vituo vitano vilivyobaki, anatumia dakika 300 na mwendo wa dakika 30 tu, lakini alama zake ni 16. Simu itamchagulia mpango wa kwanza, wenye vituo vichache na vinavyomfaa zaidi.

Msafiri wa pili ni mama wa WAWATA anayesumbuliwa na magoti. Kwanza kabisa programu inaondoa mto, kwa sababu kingo zake zinahitaji kupanda na kushuka. Sala ina alama 5, muziki 4, chakula 4, stesheni 3 na Mpwapwa 3. Vituo vinne vya jirani vinachukua dakika 250, na mwendo wa polepole dakika 40. Zinabaki dakika 70 za kukaa kivulini. Mpangaji asiyejali angezijaza dakika hizo kwa kituo kingine. Anayemjali mama huyu atamwachia apumzike.

Msafiri wa tatu ni kijana mpiga gitaa kutoka nchi za mbali. Amesikia sauti ya Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma aliyeufikisha muziki wa Wagogo duniani, na anataka kujifunza. Dakika 90 hazimtoshi, na hajui Kiswahili. Kipimo chake kinadai muda wa kituo kimoja uongezwe mara mbili na apatikane mkalimani. Programu ikiwa na akili itamwambia pia kwamba kule Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo, apange safari yake ijayo kwa tarehe hizo.

Sasa angalia namba zote hizo zimetoka wapi. Nani alisema stesheni inahitaji dakika 40? Nani aliandika kwamba kingo za mto hazimfai mwenye magoti mabovu? Nani anajua mpiga zeze yupo siku gani na analipwaje? Simu ilijumlisha tu. Kila namba iliyojumlishwa ilipaswa kupimwa na mtu aliyefika pale kwa miguu yake.

Ziara ya dirishani

Abiria wengi hawatashuka Gulwe. Wanakwenda Dodoma kikazi, kwenye Misa ya shukrani ya ndugu, au kwenye Kituo cha Hija cha Mbwanga. Hao wanaweza kupewa ziara ya kusikiliza wakiwa wameketi: simu inatambua treni ilipofika na kuanza kusimulia kwa sauti kupitia spika za masikioni.

Hapa hesabu inabadilika. Treni ya SGR inaweza kukimbia kilomita 160 kwa saa. Kwa mwendo huo, katika dakika 2 inakuwa imekwenda zaidi ya kilomita 5. Simulizi la dakika 2 likianza treni inapofika mtoni, litaisha mto ukiwa umepotea nyuma kabisa. Kwa hiyo linatakiwa lianze mapema, na liseme: "Baada ya muda mfupi, upande wako wa kushoto..." Lakini kushoto kwa anayetoka Dar es Salaam ni kulia kwa anayetoka Dodoma, basi lazima kila simulizi liandaliwe kwa pande zote mbili. Kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa ishara za setilaiti zinakatika, hivyo simu inapaswa kukisia kwa mwendo wa mwisho ilioujua. Msafiri wa treni ya zamani, inayokwenda polepole, anaweza kupewa masimulizi marefu zaidi ya mahali palepale.

Cha kusimulia kipo. Wajerumani walianza kujenga reli hii Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kati ya Kilosa na Gulwe reli inafuata bonde la mto, na mto umekuwa ukiidai njia yake tangu zamani. Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliivunja vibaya sehemu hiyo na kusimamisha treni kwa miezi. Mtu wa Kigoma aliyekuwa akingoja mzigo mwaka ule anajua maana ya jina Gulwe kuliko kitabu chochote. Karibu na hapo, Msagali, ndipo ilipoanzia reli ndogo ya kwenda Kongwa, kwenye Mpango wa Karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kufutwa mwaka 1951. Kongwa hiyohiyo, kuanzia mwaka 1964, ikawa na kambi ya wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini, Namibia na nchi nyingine.

Kituo ambacho hakuna anayekiomba

Upande wa Dodoma, baada ya Gulwe na Msagali, ipo Igandu. Tarehe 24 Juni 2002 treni ya abiria iliyobeba zaidi ya watu 1,200 kuelekea Dodoma ilishindwa kupanda mlima, ikaanza kurudi nyuma, ikaongeza kasi na kugongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki dunia.

Hakuna msafiri atakayejaza kwenye simu kwamba anapenda habari za ajali. Programu inayofuata mapendeleo peke yake haitaitaja Igandu hata siku moja. Huo ndio udhaifu mkubwa wa ziara ya kipimo: ikiachwa ijiendeshe, inamzungushia mtu ukuta wa mambo anayoyapenda tayari. Anayependa muziki anapewa muziki, na aliyesoma habari za chakula jana anapewa chakula leo, kesho na keshokutwa. Anarudi nyumbani kama alivyotoka.

Je, basi kila abiria alazimishwe kusikia habari za Igandu? Hapana. Katika behewa lilelile anaweza kuwepo mtu aliyempoteza mama au kaka siku ile. Kwa huyo, sauti inayoanza ghafla masikioni ni jeraha. Njia ya heshima ni kuuliza kwa maneno machache: "Tunakaribia mahali pa kumbukumbu ya watu waliofariki kwa ajali ya treni mwaka 2002. Ungependa kusikia, kusali kimya, au kuendelea?" Majibu matatu, na lolote kati ya hayo ni sawa. Anayechagua kusali apewe ukimya wa dakika moja, bila muziki wa nyuma. Kipimo cha mtu ni pamoja na kile anachoweza kukibeba leo.

Kwa hiyo mpangaji wa ziara anaweza kujiwekea kanuni mbili: kila ziara iwe na angalau kituo kimoja ambacho msafiri hakukiomba, na kila kituo kizito kiwe na mlango wa kutokea.

Taarifa zinatoka kwa nani?

Ramani nyingi za bure zilizo kwenye simu zinatumia taarifa za OpenStreetMap, mradi ulioanza mwaka 2004 ambao mtu yeyote anaweza kuuchangia, kama wanakijiji wanavyochangia ujenzi wa kigango. Tanzania ina uzoefu wake. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria jijini Dar es Salaam, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walitembea wakichora njia, mifereji na majengo katika maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Crowd2Map Tanzania nayo imekuwa ikijaza ramani za vijijini. Mkoani Mara, ramani hizo zimewasaidia wanaowaokoa wasichana dhidi ya ukeketaji kuvifikia vijiji ambavyo havikuonekana kwenye ramani yoyote. Tunaona hapo kwamba njia iliyochorwa kwa ajili ya mgeni ni ileile itakayotumiwa na gari la wagonjwa, na padre anayeitwa usiku kumpaka mgonjwa mafuta.

Kuchora njia ni nusu ya kwanza ya kazi. Nusu ya pili ni masimulizi. Kwa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni ya mwaka 2020, Baba Mtakatifu Fransisko alichagua mada ya kusimulia, akiitoa katika Kitabu cha Kutoka: mambo yaliyotendeka yasimuliwe kwa watoto na wajukuu. Karibu na kila stesheni ya reli ya kati wapo wazee waliofanya kazi relini, akina mama waliouza chakula madirishani, makatekista wanaojua nani alibatiza nani na chini ya mti upi Misa ya kwanza ilisomwa. Masimulizi hayo hayapo kwenye simu ya mtu yeyote. Kila mazishi ya mzee yanapunguza hazina hiyo, na hakuna programu ya kompyuta itakayoweza kuirudisha.

Wenye kitochi na wasio na bando

Ziara ya simu isiwe karamu ya wenye simu za bei kubwa peke yao. Masimulizi ya sauti ni mafaili madogo: yanawekwa kwenye kadi ya kumbukumbu na kusikilizwa kwa simu ya kitochi yenye redio. Maswali ya vipimo yanaweza kuulizwa kwa ujumbe mfupi, kwa kujibu 1, 2 au 3. Karatasi moja iliyobandikwa penye watu wengi, yenye namba ya kila kituo, inamwezesha mwenye kitochi kuchagua simulizi lake. Mwenye simu janja apakue ramani na sauti mapema, apunguze mwanga wa kioo, na abebe pawabenki, maana ziara ya saa 6 inamaliza chaji.

Malipo nayo yapangwe kwa haki. Mpiga zeze, mama aliyepika mlenda na kijana wa bodaboda walipwe moja kwa moja kwa simu, kiwango kikiwa kimeandikwa wazi. Ziara ikileta fedha mjini huku wenye masimulizi wakibaki na picha tu, tutakuwa tumewaibia kwa adabu.

Mipaka ya heshima

Simu inayokujua vizuri inaweza pia kukudhuru. Orodha ya mahali ulipopita, ulipolala na uliposali ni habari zako binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hata kikundi kidogo cha parokia kinachoandaa ziara kinapaswa kuifuata roho yake: kuuliza yale tu yanayohitajika, kueleza yatatumika kwa nini, na kuyafuta safari ikiisha. Swali la magoti linatosha. Hakuna haja ya kuuliza jina la ugonjwa.

Mahali napo pana haki zake. Wilayani Kondoa, kaskazini mwa mkoa wetu, michoro ya miambani iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Baadhi ya mapango yake, kama Mongomi wa Kolo, bado yanatumiwa na wenyeji kwa mila zao za kuomba mvua. Mtu asitangaze kwenye simu za wageni mahali ambapo wenye mahali hawajaruhusu. Kanuni hiyo inahusu pia makaburi, nyumba za watu, na hasa picha za watoto.

Filipo garini

Mafrateri watakumbuka habari ya Filipo na Mwethiopia katika Matendo ya Mitume, sura ya 8. Msafiri alikuwa barabarani, katika gari lake, akisoma asichokielewa. Filipo alisogea, akamuuliza swali, akakaribishwa kupanda, akaanza kueleza kutoka andiko lilelile msafiri alilokuwa amelifikia. Hakuwa na hotuba moja ya kumpa kila mtu. Kisha, kazi ilipokwisha, akaondoka, na msafiri akaendelea na njia yake kwa furaha. Mwongozaji wa kweli anauliza kabla ya kusema, na anajua wakati wa kunyamaza.

Kanisa linatumia vyombo hivi tayari. Katika Jubilei ya mwaka 2025 mahujaji walijiandikisha mtandaoni, wakapewa kadi ya kidijitali ya hujaji na kupanga muda wao wa kupita Mlango Mtakatifu. Simu ilirahisisha foleni, lakini kupita mlangoni na kutubu kulibaki kwa hujaji mwenyewe. Mtalii anaweza kumaliza siku kwa kuhesabu alichokiona. Hujaji anajiuliza amekutana na nani. Ziara ya Gulwe itafaulu ikiwa mama wa WAWATA, mwalimu na mpiga gitaa wataondoka wakijua jina la mtu mmoja waliyeketi naye.

Pa kuanzia

Kazi hii haihitaji mradi mkubwa wala fedha za wafadhili. Kikundi cha vijana watano na simu mbili kinaweza kuianza wakati wa likizo moja, kwa utaratibu huu:

1. Mwombeni paroko na serikali ya kijiji kibali, na waelezeni wazee nia yenu.
2. Chagueni vituo sita tu, kimoja kiwe cha sala na kimoja kiwe cha kumbukumbu.
3. Nendeni kila kituo kwa miguu. Andikeni dakika, hali ya njia wakati wa mvua na wa jua, kivuli, choo na maji ya kunywa.
4. Rekodini masimulizi ya dakika 2, kwa Kiswahili na kwa Kigogo, baada ya msimuliaji kukubali. Kisha msikilizisheni alichosema kabla ya kukitoa kwa wengine.
5. Ingizeni njia na majina sahihi ya mahali kwenye ramani huria.
6. Jaribuni ziara na watu watatu tofauti: mzee, mtoto na mgeni. Rekebisheni pale walipochoka.
7. Hifadhini nakala ya sauti zote parokiani, mahali pakavu na pa salama, hata kama programu ya simu itakuja kubadilika.

Hatua ya nne ndiyo isiyoweza kungoja. Njia itachorwa mwaka huu au mwaka ujao, na treni itaendelea kupita. Mzee anayeikumbuka stesheni ya zamani ana miaka yake. Frateri unayekwenda likizo mwezi ujao, tenga jioni moja, uende kwake na simu yenye chaji, umuulize, umsikilize.